Nyumba Yangu ya Kwanza Ilikuwa Banda la Kuku

Jumanne. Ukungu umetushika tangu alfajiri, ule wa Eldoret unaoingia mpaka kwenye mifupa. Kuku wamekataa kutoka nje, na mimi pia sina hamu. Nimeketi jikoni na chai yangu, roho imechemka kidogo.

Wengi mnaosoma hapa huniuliza jambo moja: Mama, nikitaka kufuga kuku nyuma ya nyumba, nianze na nini? Nami hujibu vilevile kila mara. Anza na sakafu. Kuku haogopi baridi, amezaliwa na koti lake. Kinachomuua ni unyevu. Inua sakafu itoke chini. Mlango usitazame upepo. Mwaga majivu kwenye viota ili utitiri usipate makao.

Jana mtu akaniandikia, kwa kejeli, kwamba naongea kama niliyewahi kulala bandani.

Nimelala.

Ilikuwa miaka ile baada ya uhuru, wazungu wakiuza mashamba na watu wetu wakichangishana kuyanunua. Mume wangu, Mwangi, alikuwa mpishi wa hoteli Nairobi. Aliingia katika kikundi kilichonunua shamba upande wa Cheptiret, na kura ilipopigwa tukaangukia kipande cha chini, karibu na kinamasi. Kamati ikatoa amri: mvua za masika zikikukuta hujajenga nyumba na kuishi ndani, kipande chako kinapewa mwingine. Waliokuwa wakingoja walikuwa wengi.

Mwangi akanyimwa likizo. Akanituma nitangulie, binti yetu Njoki mgongoni na kuku watatu kwenye kikapu. Yeye angekuja nyuma yangu na mabati.

Mabati hayakuja.

Nilikaribishwa jikoni kwa jirani, Mama Nekesa. Mumewe alikuwa ameendesha trekta ya mzungu, na mzungu alipoondoka wao walibaki. Kuku wangu mmoja alichukuliwa na kicheche kabla sijazoea hata njia ya mtoni, kwa hiyo nikaamua banda litangulie nyumba. Mama Nekesa akanionyesha kiwanda cha mbao walikokuwa wakitupa mabanzi, tukayabeba kichwani. Ni yeye aliyenilazimisha niinue sakafu juu ya nguzo mpaka usawa wa magoti.

"Huku chini maji hutembea," aliniambia. "Wewe jenga kama mtu wa huku, si kama mtu wa kwenu."

Nililijenga pana, kwa tamaa ya kuku ambao sikuwa nao bado. Nikaezeka kwa nyasi. Kisha mvua ikaja mapema, na nyumba yenyewe bado ni vigingi vinne na kamba.

Nilisimama nikavitazama vile vigingi. Halafu nikaenda nikachukua blanketi, sufuria na mtoto, nikaingia bandani. Kuku nikawawekea gunia liwe ukuta wao.

Kamati ilipokuja ilikuwa na mwenyekiti wake, Mzee Karanja, na mwenye duka mmoja wa mjini aliyevaa gambuti mpya. Nyuma yao lori limejaa mbao. Sikuhitaji kuambiwa mbao zile ni za kujenga wapi.

"Mama," Mzee Karanja akasema, "tunaona banda la kuku. Nyumba iko wapi?"

"Ni hii, Mzee."

"Hii ni ya kuku."

"Mlisema nyumba na mtu akae ndani. Mimi ninakaa ndani. Hamkusema nisikae na nani."

Yule mwenye duka akacheka, akasema huu ni mchezo wa wanawake, kuku wakitolewa kila mtu ataona hakuna anayeishi humu. Akainama akaingia. Alichokuwa hajui ni kwamba nyuma ya gunia kulikuwa na kuku aliyekuwa akiatamia, na kuku wa kienyeji akiwa juu ya mayai hamheshimu mtu wa lori. Tulisikia bawa, tukasikia tusi, kisha akatoka kinyumenyume akiwa ameshika pua. Baada ya muda kidogo akaanza kujikuna. Viroboto walikuwa wamepanda ndani ya zile gambuti.

Hakuna aliyecheka mbele yake isipokuwa Mama Nekesa, na yeye alicheka kwa sauti.

Nikaketi mlangoni, miguu ikining'inia, Njoki mapajani. 

"Mkitaka kubomoa, bomoeni," nikasema. "Lakini sishuki."

 Mzee Karanja akasogea akachungulia ndani. Akaona jiko la mawe, nguo za mtoto zikiwa zimeanikwa kwenye fito, blanketi limekunjwa. Njoki akakohoa, kile kikohozi kizito alichokipata majira yale.

"Mnakaa humu na mtoto?"

"Tangu mvua ianze."

Yule mwenye duka akaanza kumhimiza. Mzee Karanja akamgeukia akasema, taratibu, "Huyu mama ana nyumba. Rudisha mbao zako."

Watu wakisikia kisa hiki hunipigia makofi. Hawakukisikia kikohozi cha Njoki. Nilimpeleka hospitali mjini mara nyingi kwa miguu, na kila mara njiani nilijiuliza kama shamba lina thamani ya pumzi ya mtoto. Alipona. Leo yeye mwenyewe ni nyanya. Ila swali lile sikuwahi kulijibu, na sitadanganya kwamba nimelijibu.

Mwangi alifika mvua zikielekea kuisha, na mabati machache. Alikuwa ameshasikia njiani kwamba mke wake analala na kuku. Alisimama mbele ya banda, aibu imemjaa usoni, akaniambia nifunge mizigo turudi, shamba tutapata lingine.

"Rudi wewe," nikamwambia. "Ukifika, waambie umeniacha kwangu."

Sijui nilitoa wapi maneno hayo. Mwanamke hakumwambia mumewe hivyo siku zile.  Mwangi akavua koti la mjini, akalitundika kwenye nguzo, akauliza panga liko wapi.

Tulijenga. Vifaranga walitotolewa bandani sisi tukikandika kuta, na tulipohamia nyumbani, kuku wakapata banda lao lote.

Kwa hiyo, wewe uliyeniandikia jana, sakafu ninaijua kwa mgongo wangu. Inue.

Nina kuku wawili hapa wanaotaka kuatamia. Wanangu wanasema nimezeeka, magoti yamechoka, nisianzishe vifaranga wapya. Kesho nitawawekea mayai. Ni siku ishirini na moja tu.

Nitangoja.