Nimekatazwa Kumsafisha Mwanangu Kinywa

Kwako Mshauri wetu wa gazeti, nakuamkia kwa heshima, na unisamehe kwa kuwa nakuandikia kwa herufi za Kiarabu, mimi skuli sikwenda, nilisoma Kurani tu chuoni hapa Kuze mpaka nikaozwa. Nataka msaada wako, lakini nakwambia mbele, usiniambie nivumilie, hilo nimekwisha kuambiwa na nyumba nzima.

Mwanangu Mwanaesha, ana miaka kumi na sita, alishikwa na kichomi siku ya pili ya Ramadhani, akalazwa hospitali siku kumi, kisha tukaambiwa tumuuguze nyumbani kwani vitanda vyatakiwa kwa askari waliorudi vitani Bama, basi tukamleta, hana nguvu hata ya kugeuka, yuwalala chali mdomo wazi na kupumua kwa kinywa mchana kutwa, nami nampa uji nyuma ya pazia kwa kuwa nyumba yote imefunga. Mgonjwa hafungi, hilo hata wifi yangu Swabaha yuwalijua. Lakini alisema ikisha adhuhuri nisimpigishe mswaki wala nisimsukutue mpaka magharibi, kama tufanyavyo sisi tuliofunga, kwa heshima ya mwezi. Nikamtii. Mtoto akaanza kunuka kinywa, hofu ikaniingia, nikamwita wifi, akainama akanusa, akaniambia harufu ya kinywa mwezi huu ni baraka mbele ya Mungu, nishukuru. Nikashukuru, Mshauri. Siku sita nimeshukuru harufu ya vidonda.

Siku ya saba akakataa uji. Nikamsihi, mwanangu kula, nikamwona machozi yanamtoka na sauti haitoki, nikamgeuza uso dirishani nikamfungua kinywa: ulimi mweupe na mkavu, ufizi umevimba, na ndani ya shavu vidonda vitatu, kimoja kama mbaazi. Nikachukua mswaki nikasugua ule weupe utoke, ikatoka damu, nikakamulia ndimu, akapiga ukelele ambao mpaka sasa nausikia.

Rafiki yangu Loise, Mrabai Mkristo akaaye Bondeni, afanya kazi wadi ya wanawake hospitali. Alikuja kumtazama mgonjwa, naye akaketi kitandani akamtazama kinywa kwanza, kabla hata ya kunywa maji niliyompa. Akanionyesha kuzungushia kidole kitambaa laini, kukichovya maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, na kupitisha polepole. Siku ya pili saa tisa alasiri Swabaha akanikuta nafanya hivyo, akaniuliza mbele ya wageni, "Mwanakuu, siku hizi dini twafundishwa na wasioswali?"

Nikamjibu, "Dini nifundishe wewe, wifi yangu. Kinywa nimefundishwa na aliyekitazama."

Akaenda akamwambia ndugu yake, mume wangu Kamaludin, naye alipotoka bandarini akaniambia, macho chini, niache mpaka Idi, zimebaki siku tisa tu, nyumba ipate utulivu. Siku tisa! Mtoto asiyekula atazifikia wapi? Basi nimetia komeo mlangoni, namsafisha huku wakigonga. Jana alimeza vijiko sita vya uji. Wifi asema nikitoka humu nifungashe nguo zangu. Nami sitoki, uji na maji Loise anipitishia dirishani, na barua hii ataipeleka yeye. Niambie mawili tu, je, nina dhambi, na nifanyeje vidonda visirudi? Na kama jibu lako ni ningoje Idi, usijisumbue kulichapa.

Mama Mwanaesha, Kuze

Mama Mwanaesha, barua yako nimeitanguliza, nyingine zaweza kungoja.

Kwanza la dhambi. Mimi si shehe, kwa hiyo nilimuuliza mwalimu ninayemwamini. Alisema wanaochukia mswaki baada ya adhuhuri huuchukia kwa aliyefunga, na mwanao hakufunga, hana saumu ya kuchungiwa. Mumeo na aende kwa mwalimu wake akaulize kwa kinywa chake, leo, si baada ya Idi. Mwambie utulivu wa nyumba haununuliwi kwa njaa ya binti yake.

Sasa nikugombeze na wewe. Pua yako ilikwambia kweli siku ya kwanza, ukaiacha ukaifuata ya mwingine. Na ndimu juu ya kidonda, mama, ulitaka kumponya au kumchoma? Ndimu, pilipili na chai ya moto visimkaribie. Mswaki uweke mpaka ufizi upone.

Fuata alivyokuonyesha Loise. Osha mikono kwa sabuni. Mlaze ubavu asipaliwe, upitishe kitambaa meno, ufizi, ulimi na ndani ya mashavu, kila baada ya chakula na kila baada ya saa mbili akiwa macho, kisha midomo uipake mafuta ya nazi kidogo tu. Kitambaa kichemshwe kila siku. Mnyweshe maji kidogo kidogo, usingoje aombe, kwani aliyedhoofika haombi. Na kila asubuhi mtazame kinywa chote kwenye mwanga, hata kisiponuka, maana kikavu ndicho kinachopasuka, na kidonda huanza kidogo. Ule weupe usipopungua siku mbili tatu, au akishindwa kumeza hata maji, mrudishe hospitali, vitanda vikiwapo visiwepo, mkakae mlangoni mpaka atazamwe.

Nguo usifungashe. Anayetaka uondoke na amuuguze yeye kwanza siku moja, kuanzia alfajiri.

Lakini komeo liondoe. Ajifichaye hudhaniwa ana kosa, nawe huna. Msafishe mlango wazi, saa tisa hiyo hiyo ya alasiri, na Swabaha mwite kwa adabu, aje dirishani atazame ndani ya kinywa cha mtoto wa ndugu yake kabla hajasema neno. Akitazama, mpe bakuli akushikie. Akikataa kutazama, usibishane naye tena, chovya kitambaa uendelee.