Jina la Sevrane

Lubumbashi, 11 Februari 2023

Mudogo wangu Chileshe,

Pokea salamu zetu za huku. Mimi ni mzima, mama yangu ni mzima ila goti lake, na mvua inatunyeshea kama vile tumeikosea. Na wewe? Tumbo linaendaje? Mumeo Katongo bado anatengeneza injini za boti za watu, au sasa anakaa nyumbani kukuchunga?

Kitabu cha tano hiki hapa, Djo, dereva wa kamyo ya mizigo, atakukabidhi mkononi. Nimekifunga plastiki mara tatu kwa sababu ya barabara yenu. Papa Dominique, anayetandika vitabu vya mitumba chini pale mjini karibu na meza yangu ya fotokopi, alinicheka: "Mama Kapinga, wee tu njo ulibakia kusoma hii mabuku." Nikamwambia tuko wawili, mwenzangu yuko Kilwa, kule ziwani. Shida ni kwamba anapata vitabu ovyo ovyo. Cha saba ninacho tayari kabatini, cha sita hajakiona hata kwa macho. Mfululizo wa vitabu kumi na viwili, na sisi tunausoma kwa bahati.

Kwa hiyo sheria yetu ya lise, tangu sekondari ulipoanza kuniita yaya kama dada wa tumbo moja, inabaki: aliyesoma mbele anafunga kinywa, hata akipigwa.

Bado unamtetea Sevrane, yule msichana wa kitabuni? Mimi siachi Nahodha Orvel wangu, mwongo yule. Sevrane ni mkaidi tu. Amebeba chumvi ya watu tangu utoto, mfalme anamwambia piga goti upumzike, na yeye anasimama na gunia mgongoni. Mimi ningepiga magoti yote mawili.

Yaya wako,
Kapinga


Kilwa, 9 Aprili 2023

Yaya wangu mpenzi,

Habari za siku nyingi? Goti la mama yako limepoa? Sisi hapa ni wazima, na tumeongezeka. Mtoto alizaliwa tarehe 21 Machi, msichana, mwenye sauti.

Kitabu cha tano nilikisoma kwa mkono mmoja, mtoto akiwa kwenye ule mwingine. Pale Sevrane anapomtoa mama yake nje ya mji amembeba mgongoni, nililia mpaka Katongo akadhani ninaumwa. Nikamwambia, huyu mtoto ni Sevrane. Akasema jina linapendeza, basi.

Mama mkwe hakusema basi. Unajua watu wa huku ziwani: mtoto hapewi jina tu, anapewa jina la mtu, na mambo ya mtu huyo yanamfuata. Mama Albertine alinikalisha chini: "Iko jina ya nani? Mwenye jina iko muzima? Hakukufa mu mayi?" Aliyechukuliwa na maji, jina lake huku halirudiwi. Na mimi nitamwambiaje ni jina la kwenye kitabu? Nikasema ni jina la yaya wangu wa Lubumbashi, mzima, mwenye nguvu. Yaani wewe. Nisamehe.

Sasa mwenye jina hutuma kitu kwa mtoto. Kitenge kitatosha, hata cha bei rahisi. Simu usihangaike nayo, mtandao hapa unakuja siku unapotaka.

Mudogo wako,
Chileshe


Lubumbashi, 3 Juni 2023

Mudogo wangu,

Mimi Sevrane, mbeba chumvi, mzima kabisa, nakusalimu wewe na majina yangu mdogo, huyo mwenye jina langu. Nilicheka mpaka wateja wakaniangalia. Mwambie Mama Albertine nina nguvu za kutosha, maana nimesimama kwenye mashine ya fotokopi miaka minane.

Kitenge ni hicho, cha kijani, kizuri kuliko ulichoniomba. Na chini yake utakuta cha sita. Papa Dominique alikipata kwa mjane mmoja aliyekuwa anauza vitu vya marehemu. Nimekisoma kwa siku nne, nimeanza cha saba. Usiniulize kitu.

Mbusu mtoto.

Yaya wako,
Kapinga


Kilwa, 20 Agosti 2023

Yaya,

Salamu nyingi. Mama anaendeleaje? Huku ni vumbi na jua. Shule ninayofundisha iko likizo, ninalala mchana kama mzee.

Sevrane ana miezi mitano. Ni mnene, anacheka na kila mtu, na akisikia jina lake anaacha hata kunyonya, anageuka. Plamedie, dada yake Katongo anayekaa nasi, humwita kutoka kila upande wa nyumba kumchosha shingo tu. Mama Albertine amemfunga kitenge chako na kumtembeza kwa majirani wote: "Mwenye jina alituma." Siku hiyo nilisikia aibu kidogo, lakini nilifurahi.

Nimemaliza cha sita. Ndugu yake Sevrane, yule Tamrin, simpendi. Mtu anayemkumbatia dada yake mara nyingi hivyo ana lake jambo. Usinijibu. Niambie tu kama kwenye cha saba kuna sura nzuri ya Sevrane. Hapana, usiniambie.

Mudogo wako,
Chileshe


Lubumbashi, 15 Oktoba 2023

Chileshe mudogo wangu,

Natumaini mko wazima wote. Sisi tupo.

Nimevunja sheria. Nimejizuia tangu Juni na siwezi tena. Wewe mwenyewe uliniuliza, na tena wewe ni mama, ni vizuri ujue.

Sevrane amekufa. Amekufa majini, na aliyemtupa ni Tamrin, ulimwona mapema. Amemfunga mgongoni magunia mawili ya chumvi na kumsukuma kutoka darajani. Na Sevrane anazama akiwa macho, anahesabu, kwa sababu anajua chumvi kuliko mtu yeyote, anajua itayeyuka na gunia litakuwa jepesi. Kurasa kumi na moja ni za kuzama tu. Anamsamehe kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Chumvi inayeyuka kweli, Chileshe. Inachelewa tu. Anapopanda juu ameshakufa.

Nilisoma hapa mezani, mteja amesimama na vyeti vyake mkononi, na mimi nalia. Sijawahi kusoma kitu kama hiki. Kitabu nitakutumia mwezi ujao, ninakirudia kwanza.

Yaya wako,
Kapinga


Kilwa, Jumanne, 14 Novemba 2023

Yaya,

Sina muda wa salamu ndefu. Mtoto anaumwa tangu Jumapili. Joto, kikohozi, macho mekundu yanayotoa maji.

Barua yako ilifika jana nikiwa shuleni. Djo alimpa Plamedie. Akaifungua, akaisoma kwa sauti mbele ya Mama Albertine: Sevrane amekufa, amekufa majini, amesukumwa na ndugu yake. Niliporudi nilikuta wanalia kilio cha msiba. Wanakulilia wewe.

Nimewaeleza. Nimesema ni kitabu, nimewaonyesha kile cha sita. Mama Albertine akasema: "Ulinidanganya ile siku, ao unanidanganya leo?" Sasa amekataa mtoto kupelekwa kituo cha afya. Anasema tukimpeleka na jina la mtu aliyekufa maji, hatarudi nalo. Kwanza jina litolewe, na wa kulitoa ni mjomba wa Katongo, ambaye yuko visiwani. Anafika Jumamosi. Katongo anamtii mama yake.

Nitasema kweli yote. Usiku nilimshika, anawaka, na mimi mwenyewe niliogopa kumwita jina. Nikajiambia Jumamosi si mbali.

Radi imeua antena, nimepanda kilima mara mbili na simu, hakuna. Djo anaondoka sasa hivi. Andika kwamba u mzima. Andika kwa jina hilo. Watakuamini wewe.

Chileshe


Lubumbashi, 18 Novemba 2023

Mudogo wangu,

Djo amefika asubuhi hii, anageuza leo leo, nimemlipia mafuta. Usisubiri mtu. Ukisoma hapa, weka barua chini, mchukue mtoto, nenda kituo cha afya. Macho mekundu na kikohozi inaweza kuwa surua, Chileshe, hajafikia miezi tisa, hajachanjwa. Wakikufungia mlango piga kelele majirani waje.

Hii ya chini msomee Mama Albertine. Nimeipiga mhuri wa meza yangu ya fotokopi ili ionekane ya kweli.

*Mama Albertine, shikamoo. Mimi Sevrane ninakuandikia kwa mkono wangu, niko muzima, sijaona maji hata ya mtoni. Barua ile ilikuwa hadithi ya mu kitabu. Jina ni yangu, na mimi mwenyewe ninaomba: peleka mutoto ku daktari. Akipona nitakuja Kilwa kumushukuru kila mutu. Mimi majina wa mutoto, Sevrane.*

Niandikie kwamba amepona.

Yaya wako,
Kapinga


Kilwa, 14 Januari 2024

Yaya,

Sijui mko namna gani huko. Natumaini mama ni mzima.

Barua yako ya mhuri ilifika tarehe 9 Desemba. Kamyo ya Djo ilikwama wiki tatu kwenye matope na mizigo yote. Niliisoma peke yangu.

Mjomba alifika Jumamosi saa nne. Walimnyunyizia mtoto maji na unga, wakamwambia wewe si Sevrane, wewe ni Mumba, ni jina la bibi mmoja aliyekufa kitandani kwake akiwa mzee. Walikuwa wapole. Mama Albertine alimbeba mwenyewe, akambembeleza kwa jina jipya, Mumba, Mumba, na mtoto alimwangalia bila kujua anaongea na nani. Mchana ule ule tukampeleka kituo cha afya. Muuguzi anaitwa Claudine. Alimsikiliza kifua akaniuliza ameanza lini. Nilipomwambia Jumapili, alisema surua imeshuka mapafuni, mngekuja Jumatatu. Alifanya yote aliyoweza. Mtoto alifariki Jumatatu alfajiri, tarehe 20.

Msalabani wameandika Mumba.

Mama Albertine hanisemeshi. Anasema niliingiza maiti nyumbani kwa uongo wangu. Katongo anasema nimpe muda. Nimerudi kulala kwa mama yangu mzazi, hapa hapa Kilwa.

Nina swali moja. Miezi minne ulinyamaza, ungeweza kunyamaza mpaka nisome mwenyewe. Kwa nini uliniambia? Na usiniandikie tena kwamba mimi ni mama na ni vizuri nijue.

Chileshe


Lubumbashi, 4 Februari 2024

Mudogo wangu Chileshe,

Sina salamu za kutosha kwa barua hii. Nimeianza mara nyingi.

Umeniuliza, nitajibu. Nilikuambia kwa sababu sura ile ilikuwa nzuri. Hakuna sababu nyingine. Nilikuwa nimeisoma na hapakuwa na mtu hapa wa kumweleza. Mama hasomi, wateja wanataka vyeti vyao, Papa Dominique anauza tu. Nilitaka mtu alie nami. Ile habari ya mama na haki yake ya kujua niliitafuta baadaye, kalamu ikiwa mkononi, ili nisionekane mlafi.

Na kuna baya zaidi. Nilipoandika "Sevrane amekufa" sikumfikiria mtoto hata kidogo. Nilikuwa nimemtumia kitenge, nimejiita majina wake, nimekwambia umbusu, na siku ile jina hilo kwangu lilikuwa la kitabuni tu. Nilifurahi nilipokuwa naandika. Uhesabu na hilo.

Nimeongea na Djo. Mvua zikipungua nataka kuja Kilwa. Nitasimama mbele ya Mama Albertine, nitamwambia uongo ulikuwa wa wawili na maneno yaliyoua ni yangu. Anifukuze mimi, wewe urudi kwa mume wako. Niambie kama nije.

Yaya wako, kama bado,
Kapinga


Kilwa, 10 Machi 2024

Kapinga,

Nimepata barua yako. Ni mzima wa mwili. Nimerudi kufundisha.

Umesema kweli, na ninakuamini, kwa sababu nakujua na kwa sababu nami niko hivyo hivyo. Uliandika kosa lako, pokea la kwangu. Siku ile Plamedie aliyosoma barua, kabla sijaelewa kwa nini wanalia, nilimnyang'anya karatasi nikaisoma. Mtoto alikuwa pale kwenye mkeka, amelegea. Mimi niliisoma yote mpaka mwisho, mpaka chumvi inapoyeyuka, nimesimama, ndipo nikainama kumshika. Na siku nne zilizofuata nilikuwa na miguu, kituo cha afya hakiko mbali, ningeweza kumfunga mgongoni na kutoka. Sikutoka. Hakuna kitabu kilichonizuia.

Kwa Katongo sitarudi kwa sasa. Mama Albertine alikuja juzi na samaki wakavu, tukakaa kidogo, akaondoka. Hilo ni la kwetu, tutalimaliza sisi.

Usije. Ukija tutalia pamoja siku mbili, na utakuwa unalia kweli. Siku ya tatu nitakuuliza Tamrin aliishia wapi, kama walimkamata, kama alijuta. Ninajijua. Mpaka leo ninataka kujua, nikiwa shambani, nikiwa darasani, hata njiani kwenda makaburini. Nikipata jibu hilo kwako nitafurahi dakika moja, na dakika hiyo siitaki.

Kitabu cha saba usinitumie. Kile cha sita nimempa mwalimu mwenzangu, sijamwambia kinahusu nini.

Nimekwenda kwa seremala. Nimemlipa atengeneze msalaba mwingine, ataupeleka Jumapili watu wakiwa kanisani. Nimemwandikia jina kwenye karatasi, herufi kwa herufi, maana hakuwahi kulisikia.

Mama yake Sevrane