Kambale Ndani ya Sanduku Lako la Vioo

Baba,

Ndugu yako wa Salamabila aliwaua gupi wako, wale samaki wadogo wa mapambo, siku ya tatu ya matanga. Nakuandikia hilo kwanza, maana hapa Kasongo hakuna aliyeliona kuwa jambo la kumwambia marehemu.

Alikuja na miwani yake nyeusi, akachungulia sanduku la vioo ulilolitunza miaka tisa, akacheka. "Kaka alikuwa anafuga mboga ya paka." Akarudi kutoka sokoni na kambale wawili wazima ndani ya ndoo, akawamwaga humo. "Sasa iko samaki." Watu wakamsifu. Baada ya siku mbili mikia yote myekundu uliyoichagua kizazi kwa kizazi, dume huyu ndiyo, yule hapana, ilikuwa tumboni mwa kambale. Kisha wakawapika kambale. Shangazi akaniwekea kipande juu ya tonge la bukari. "Kula, mutoto. Baba yako alikuwa anapenda samaki."

Nikala, Baba. Nawadharau wote, na mimi nimo. Nimesoma mpaka chuo, na nikamchekea ndugu yako. Nilijifunza kwako. Wewe pia ulimchekea alipochukua baiskeli yako, ukamchekea alipochukua cherehani. "Wacha tu, ni damu yetu." Huo haukuwa upole. Ulimwogopa.

Walimsahau mmoja. Yule jike mnene uliyemtenga dirishani, kwenye chupa ya mayonezi yenye majani, ili akizaa watoto wapate pa kujificha asiwale. Alizaa wiki ileile. Akazaa tena baada ya mwezi, na tena, bila dume. Ulinieleza zamani, kidole chako kikiwa majini: "Akipata dume mara moja tu, anachunga mbegu yake, anazaa miezi na miezi." Shangazi hukumweleza. Alichungulia chupa, akanuna.

"Huyu mujane anazaa ndani ya eda? Na nani?"

Mama, naye akiwa katika eda yako, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi, alicheka hadi akajifuta macho. Mara ya kwanza tangu tukuzike.

Madume wadogo wameanza kupata rangi. Wawili wana ule mkia wako mwekundu.

Jana ndugu yako alipiga simu. Amesikia wamebaki, anawataka wote, apambe kaunta ya duka lake, wanunuzi wa dhahabu wawaangalie. "Ninakuya Ijumaa na bidoni ya kuwabebea." Hakuuliza. Hajawahi kuuliza katika nyumba hii. Hao hao aliowaita mboga ya paka.

Nimesugua sanduku kwa mchanga, bila sabuni, kama ulivyotaka, nikawarudisha humo. Ijumaa atanikuta nimeketi mbele ya sanduku. Nakuahidi atasikia hapana, kwa sauti yangu, mbele ya Mama na Shangazi, na bidoni yake itarudi Salamabila tupu.

Lala, Baba. Unaweza kuacha kumchekea.

Binti yako