Mguu Usiosikia Maji

Kebirigo,
kupitia posta ya Kisii,
9 Agosti 1970

Kwa kaka yangu mpendwa Nyamongo,

Salamu zangu zikukute huko Nakuru ukiwa mzima, wewe na wenzako wa kiwanda cha unga. Mama yetu Bathsheba anakusalimu, mke wangu Mokeira anakusalimu, na hata yule ng'ombe wako wa pembe moja angekusalimu kama angejua kuandika. Mvua imenyesha ya kutosha na chai inachipua kuliko mikono ya kuichuma. Sisi wote hatujambo, isipokuwa mimi. Najua umechoka kusoma habari za mgongo wangu, lakini ya leo nakuomba uisome hadi mwisho, hata ikikukasirisha. Usiikunje katikati.

Unajua maumivu yalianza mwezi wa tatu. Sikukueleza yalivyo. Yanaanzia kiunoni upande wa kushoto, yanapita kwenye tako, yanashuka nyuma ya paja mpaka kwenye shavu la mguu, kisha yanaishia kidole kidogo kama moto. Nikikohoa, nalia. Nikipiga chafya, Mokeira hunishika mabega nisianguke. Kanisani naimba nikiwa nimeegemea ukuta, na wanakwaya wananicheka kwamba kiongozi wao amekuwa nguzo.

Mwezi wa tano Mokeira alinipeleka hospitali Kisii. Daktari ni kijana, lakini anauliza maswali kama mchungaji anayemwandaa mtu kwa ubatizo. Alinilaza chali, akauinua mguu wangu wa kushoto ukiwa umenyooka, na kabla haujafika popote nilipiga kelele mpaka muuguzi akaja mbio. Akaniuliza kama nilianguka. Nikasema hapana. Akauliza kama nilibeba kitu kizito siku yalipoanza. Nikasema hapana, siku hiyo ilikuwa Sabato, na sisi Sabato hatubebi hata kuni. Akauliza tena kwa njia nyingine, nami nikajibu vilevile. Alieleza kwamba kati ya mfupa na mfupa wa uti wa mgongo kuna kitu laini kama mto mdogo, na kikisukumwa nje hubana mshipa mkubwa unaokwenda mguuni. Lakini mara nyingi kwa mtu wa umri wangu huwa kuna mzigo au kuanguka, na kwa kuwa mimi nilikana vyote viwili, ilimbidi atafute sababu nyingine. Aliogopa kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo. Nikapigwa picha, na ingawa haikuonyesha jambo la wazi, nikaanzishiwa sindano. Kaka, nimechomwa sindano wiki kumi kwa ajili ya ugonjwa ambao moyoni nilijua sina.

Halafu ikaja Sabato ya mwisho ya mwezi wa sita, ya Meza ya Bwana. Tulipotoka nje kwenda kutawadhana miguu, Mogire wa kwaya yetu ndiye aliyekuwa mwenzangu. Akapiga magoti, akautia mguu wangu wa kulia kwenye beseni, nikasikia baridi ya maji. Akauhamia wa kushoto, nikawa nasubiri anitie maji. Nilipotazama chini, alikuwa ameshamaliza na anaupangusa kwa taulo. Sikusikia kitu. Nilimshukuru, tukakumbatiana, nikarudi kwenye benchi. Tangu siku hiyo ndala hunitoka mguuni nikiwa njiani, nami hujua tu pale watoto wanaponikimbilia nayo.

Nilipomwambia Mama, hofu ilimwingia ya kunipoteza. Baba mdogo Machogu akasema hospitali imeshindwa, na mguu hauwezi kufa ukiwa hai bila mkono wa mtu. Wewe unajua yeye na Mama ni watu wa kanisa, lakini hofu haina kanisa. Akamleta omoriori kutoka upande wa pili wa mto, yule wa kunusa na kuchimbua uchawi. Kabla hajachimba, mtu huyo aliuliza ni nani amegombana nami mwaka huu. Mokeira, bila nia mbaya, akasema alimsikia mke wako Kwamboka akibishana nami shambani mwezi wa nne. Basi. Omoriori akachimba mlangoni pangu, akatoa kifurushi cha nywele, mfupa wa kuku na kitambaa, na kitambaa kikasemekana ni cha nguo ya Kwamboka.

Haya umeshayasoma kwenye barua ya Baba mdogo, najua. Najua pia amekushauri umwache. Ambalo hakukuandikia ni jinsi shemeji alivyoondoka. Alimfunga mwanao Nyaboke mgongoni, akachukua kikapu kimoja, akaja mpaka nilipokuwa nimelala kwenye mkeka, akanitakia kupona. Hakulia. Akashika njia ya kwao Nyakoe kwa miguu. Wazee wa kwao na wa kwetu watakaa Jumapili tarehe ishirini na tatu kuzungumzia kurudishwa kwa ng'ombe wa mahari. Hiyo ni wiki mbili kutoka leo. Naandika kwa haraka, na hofu yangu ni kwamba jibu lako kwa Baba mdogo limeshatangulia.

Kaka, hakuna aliyeniroga. Sababu ya mgongo wangu naijua tangu saa ya kwanza. Nimemficha daktari, nimemficha mke wangu, nimewaficha Mama na Mungu, kama vile Mungu anafichika. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kwangu mimi kilio kimeangukia nyumba ya mwingine.

Unakumbuka jiwe la kusagia la nyanya, lile lililopasuka, ambalo Baba alilizika nusu kati ya shamba lako na langu ili tusije tukagombana. Mwezi wa pili tulitangaziwa kwamba maofisa wa kupima mashamba watafika huku. Nikatazama upande wako, udongo ule mwekundu ambao mkeo hawezi kuumaliza kulima peke yake kwa sababu wewe uko Nakuru na mshahara, nikatazama miche yangu ya chai isiyo na mahali. Nikajiambia hutaona. Sabato ile ya mwezi wa tatu nilimwambia Mokeira nina homa. Watu wote walipokuwa kanisani wakitawadhana miguu, mimi nilikuwa shambani na jembe, nikilichimbua jiwe la nyanya. Nililiinua kwa kuinama, kifuani, peke yangu. Nilikwenda nalo hatua kumi na mbili ndani ya shamba lako. Katika hatua ya kumi na mbili nilisikia kitu kikiruka kiunoni, nikaliachia, nikalala juu ya majani ya viazi nisiweze hata kugeuka. Niliwasikia wakiimba wimbo wa kufunga, na bado nilikuwa nimelala pale.

Kwamboka alilima mpaka kwenye jiwe lile miaka saba. Alijua siku ya kwanza. Ndiyo hayo aliyonijia nayo mwezi wa nne, kuniuliza kwa upole jiwe la nyanya limetembeaje, nami nikamfokea hadi Mokeira akasikia. Mbele ya omoriori alijaribu kulitaja, Baba mdogo akamnyamazisha kwamba mchawi hakosi hadithi. Wote wakanitazama mimi. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Nikafumba macho nikajifanya naumwa. Na hili ndilo baya kuliko yote: si aibu peke yake iliyonifunga mdomo. Niliwaza kwamba yeye akiondoka, hakuna mwingine huku anayejua kwa hakika jiwe lilikuwa wapi.

Alhamisi iliyopita nilirudi kwa daktari, nikamweleza habari za jiwe, uzito wake na jinsi nilivyoliinua. Hakunikemea. Aliiweka kalamu chini, akasema kama ningemwambia mwezi wa tano angenilaza kitandani mapema na kuniepusha na sindano zote zile. Sasa amezisimamisha. Nimekatazwa kuinama na kubeba hata debe la maji. Kuhusu mguu, alisema mshipa uliobanwa muda mrefu huenda ukaamka na huenda usiamke.

Mama nimemwambia jana, kisha Mokeira. Kesho Mogire atanisindikiza taratibu hadi Nyakoe, nikaseme haya mbele ya baba yake Kwamboka, wakinifukuza wanifukuze. Baba mdogo atayasikia tarehe ishirini na tatu kutoka kinywani mwangu. Wewe nakuomba usiandike neno la kumwacha mkeo. Kama ulishaandika, njoo ulifute. Jiwe bado liko nilipolidondosha. Ukija kulirudisha, usiliinue peke yako.

Tarehe ishirini na sita Septemba ni Sabato ya kutawadhana tena. Nataka mwenzangu siku hiyo uwe wewe. Sitaweza kupiga magoti mbele yako, kaka, mgongo hauniruhusu. Lakini ukikubali kuuweka mguu wako juu ya kiti, nitaufikia.

Bwana akulinde kazini na njiani. Nyanya yake anamngojea Nyaboke, naye Mokeira ameanza kufagia nyumba yako tangu asubuhi bila kuambiwa na mtu.

Ni mimi, mdogo wako mwenye kosa,
Alfayo Omwenga