Kidonge na Mtindi

Oreshak, 2 Machi

Mwanangu Rumen,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi mzima, ila magoti ni yale yale. Na wewe huko Ujerumani unakula, au unashindia mkate mkavu ndani ya lori?

Dada yako Zlatina ameruhusiwa kuja nyumbani baada ya duru ya kwanza ya dawa za saratani ya damu. Daktari anasema dawa zimemmaliza kinga, kwa hiyo kampa vidonge vya kuzuia vijidudu visiingie kwenye damu. Avimeze kwa maji matupu. Lakini vinamchafua tumbo, na jana kavitapika. Nifanyeje?

Mama yako

Kassel, 7 Machi

Shikamoo Mama,

Sijambo, mgongo tu unauma. Mama, umesahau ulivyotulea? Dawa kali zote ulitupatia pamoja na bakuli la mtindi wako. Mpe hivyo hivyo. Daktari anajua vidonge, ila tumbo la Zlatina unalijua wewe. Na mwambie huyo kipara wetu, dawa zimemnyoa bure, aache kudeka.

Mwanao Rumen

Oreshak, 24 Machi

Rumen,

Afya yangu usiiulize. Mtindi ulimtuliza tumbo, nikafurahi. Kisha homa ikampanda, akatetemeka mpaka kitanda kikalia. Vijidudu vimeingia kwenye damu. Yuko chumba cha mahututi.

Daktari aliuliza kidonge alikuwa anakimeza na nini. Nikasema mtindi. Akasema maziwa hukishika kidonge tumboni, kikapita bila kufanya kazi. Huenda ndiyo sababu, huenda siyo, maana hata wanaomeza sawasawa huugua. Hiyo “huenda” yake inanitafuna.

Nimemwambia wazo lilikuwa langu. Wewe sikukutaja.

Mama yako

Kassel, 30 Machi

Shikamoo Mama,

Usinibebee lawama. Ni mimi niliyejifanya daktari nikiwa mbali, tena kwa mzaha. Bosi kanipa ruhusa nije, nimeikataa. Nitamtazamaje Zlatina usoni? Naona haya, Mama. Mwambie nina kazi nyingi.

Mwanao

Oreshak, 13 Aprili

Mwanangu,

Homa imeshuka. Zlatina amehamishiwa wodi ya kawaida, na jana kala supu.

Nilishindwa kumdanganya, nikamweleza yote. Kacheka, sauti imemkauka. “Mnagombania kosa kama mnavyogombania kulipa mkahawani,” kasema. “Daktari aliniambia mimi, maji matupu, na nilisikia. Niliutaka tu mtindi wa Mama.”

Akauliza unakuja lini. Nikasema unaona haya. Akageukia ukutani, akasema, “Kwa hiyo nimepona, halafu kaka ndiye anayenikimbia?”

Hata mimi hatia haijanitoka, na sidhani kama itanitoka. Lakini kila siku naingia mle wodini nayo, na ananipokea.

Jumatatu wanaanza duru nyingine, na vile vidonge vinarudi. Tumbo litamchafuka tena. Njoo umshikie glasi ya maji.

Mama yako