Kiti cha Mpanga Doria

Jumamosi, watoto wamelala

Na kile kiti ni changu. Mimi ndiye hukaa pale, kando ya Baba Grace, tunapocheza ule mchezo wa nyambizi za vita kwenye kompyuta. Yeye anafyatua torpedo, mimi napanga safari. Tumefanya hivyo tangu tuhamie hapa kambi ya polisi ya Nsambya.

Leo nimerudi kutoka soko la Owino nikamkuta Opio, polisi mwenzake wa zamu, amekikalia. Wanapanga doria ya mbali, hadi bahari za joto kule kusini.

"Mama Grace, huyu jamaa anajua ramani!" mume wangu akaniambia, kama vile mimi ramani sijawahi kuiona.

Nikawawekea chai, nikachungulia. Njia wameichora vizuri, lakini mwendo ni wa kasi mno. Mafuta ya kwenda yapo. Ya kurudi hayapo. Mimi huigeuza nyambizi mafuta yakifika nusu, hata tukiona meli nono mbele.

Hilo la mafuta sikuwaambia. Opio akanishukuru kwa chai. Ana adabu, na hilo nalo likaniudhi.

Haya, naona wivu. Wivu juu ya mwanamume mwenye kipara! Angekuwa mwanamke ningejua la kufanya.

Umeme ulikatika kabla hawajafika, kwa hiyo kesho wanaendelea, na mafuta yatawaishia katikati ya bahari. Nitakuwa jikoni. Mlango nitauacha wazi, nisikie ataita jina la nani.