Makohozi ya Kwenye Kikopo ni Yangu

Mshauri mpendwa, nishike mkono, nimechoka mpaka uchovu wenyewe umenichoka. Mimi ni fundi cherehani, nilianza na cherehani ya kuazima, leo ninazo sita na mafundi watano wananitegemea, lakini hii ni siku ya kumi na tatu duka nimelifunga namuuguza mama mkwe aliyelazwa kwa kuvunjika nyonga, watoto wake wa kuwazaa ni wanne na zamu zote kumi na tatu ni zangu, wifi yangu mkubwa kaja mara mbili, ukijumlisha ni dakika ishirini, na zote alikuwa anakagua shuka kama limenyooka. Siku ya sita mama akapata nimonia humo humo wodini, daktari akataka makohozi yakaoteshwe maabara ijulikane wadudu wanakufa kwa dawa ipi, nesi akanipa kikopo akasema kifike kabla ya saa nne, nikamwinua mama, nikampigapiga mgongo, nikambembeleza, wapi, akaniambia, "Mwanangu, niache, kifua kinauma," imebaki dakika kumi, na mimi mwenyewe nilikuwa na kikohozi wiki ya pili, basi, mshauri, nikageukia dirishani nikatema mimi.

Nilijua kikohozi ni kikohozi. Baada ya siku tatu majibu yakatoka, dawa kumi na mbili zimejaribiwa, tisa zinaua, daktari akafurahi, "Bibi ana bahati, wadudu wake wepesi hawa," akamwekea dawa ya kawaida. Leo ni siku ya tano ya dawa hiyo, homa ni thelathini na tisa na nusu, anavuta pumzi kama anapanda ngazi, na wifi ananiuliza mbele ya wodi nzima, "Kwani wewe unamlisha nini mama yetu?" Nikisema, watasema nilitaka kumuua. Nikiomba tu kipimo kirudiwe, bila maelezo, haitoshi?

*Mkamwana aliyechoka*

Jibu

Fundi, jibu hili nilikutumia kwa simu siku ile ile. Hapa linachapwa kwa ajili ya wenzako walio wodini.

Pole. Watoto wanne, zamu zote kwa mkwe: aibu hiyo si yako. Pole imeishia hapo.

Kikohozi chako umekiokota mtaani. Cha mama ni cha wodini, ambako wadudu wanapigwa dawa kila siku na wanaobaki ndio sugu. Daktari amesoma kifua chako, anatibu cha mwenzio. Wewe ungemshonea mteja gauni kwa vipimo vya jirani yake?

Tena mjuzi wa hesabu umekosea hesabu. Majibu mapya ni siku tatu, na siku zote hizo daktari ataendelea kuiamini karatasi yako. Mama anazo siku tatu? Akiujua ukweli, hangoji karatasi. Dawa anaibadili leo.

Nenda kwa daktari wa zamu, usipitie kwa wifi wala kwa mumeo. Sema maneno matano: "Makohozi yale yalikuwa yangu, daktari." Atafoka. Mwache afoke huku anaandika. Mweleze mama alishindwa kukohoa. Njia za kumsaidia wanazo. Kisha mwambie mumeo kwa kinywa chako, na zamu ya kesho mpe yeye. Nawe kapimwe hicho kikohozi, unamkoholea mgonjwa.

Wifi atasema ulitaka kumuua mama yao. Ukinyamaza, utamsaidia kuthibitisha.